Kocha wa viongozi: yanayosemwa na yalivyo

Kocha wa viongozi hukaa na kiongozi kikao baada ya kikao, akimsaidia kwa maswali aifikirie kazi yake. Dhana nyingi potofu zimemzunguka.

Dhana: Ukiletewa kocha, ujue kiti kinayumba.

Hii naisikia kuliko zote. Mwaka 2001, Eric Schmidt alipokuwa akishika usukani wa Google, mjumbe wa bodi John Doerr alimshauri atafute kocha. Schmidt amesimulia mwenyewe kwamba hakupendezwa: tayari alikuwa mkurugenzi mzoefu, kocha wa nini tena? Alikubali shingo upande, akakaa na kocha aitwaye Bill Campbell. Miaka kadhaa baadaye akautaja huo kuwa ushauri bora aliowahi kupewa.

Dhana: Kocha lazima aijue kazi yako kuliko wewe.

Campbell huyohuyo hakuwa mhandisi. Alifundisha mpira wa Kimarekani Chuo Kikuu cha Columbia kuanzia 1974 hadi 1979, na timu yake ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Kisha akaingia kwenye matangazo na masoko, hadi akaja kuongoza kampuni ya Intuit. Sisemi uzoefu wa uongozi ni bure. Aliyewahi kukalia kiti anajua kinavyochoma. Ila uzoefu huo unaweza kumponza kocha, maana aliyezoea kuamrisha, ulimi humwasha.

Dhana: Kocha yupo kutoa majibu.

Hapo anachanganywa na mshauri wa biashara. Mshauri huja na ripoti. Kocha huja na maswali, na uvumilivu wa kukaa kimya. Chukua mkuu wa idara anayefungua kikao kwa kulalamika: "Watu wangu hawajitumi." Kocha hampi mbinu saba za kuhamasisha wafanyakazi. Anauliza:

"Mara ya mwisho mmoja wao alipokuletea wazo, ulimjibu nini?"

Kimya. Mkuu anaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Nilimwambia tutaliangalia."

"Mkaliangalia?"

Kimya kingine, kirefu zaidi. Kocha mchanga hushindwa kukivumilia, akakijaza kwa ushauri, na kikao kinaharibika papo hapo. Aliyekomaa anasubiri. Kisha wanakubaliana jambo moja dogo: kabla ya kikao kijacho, mkuu atamrudia yule mfanyakazi na kumsikiliza bila kumkatiza. Kikao kijacho kitaanzia hapo.

Dhana: Ni kazi ya mtu yeyote mwenye maneno matamu.

Hapa lawama ina ukweli wake. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita kocha, na matapeli wamejaa. Ndiyo maana uliza cheti. Kwa shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, ngazi ya kwanza inadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za vikao na wateja. Ya pili ni 125 na 500. Ya juu kabisa ni 200 na 2,500. Hesabu mwenyewe: mwenye vikao vya saa kumi kwa wiki anahitaji karibu miaka mitano kuzifikisha hizo 2,500. Wengi wameanzia kwenye ualimu, saikolojia, umeneja au idara za rasilimali watu.

Dhana: Mwajiri ndiye analipa, kwa hiyo ataambiwa kila kitu.

Kocha makini hulimaliza hili kabla ya kikao cha kwanza. Wanakaa watatu, yeye, kiongozi na mwajiri, wanaandika malengo na nini kitaripotiwa. Mara nyingi mwajiri huambiwa tu kama vikao vinafanyika. Maendeleo atasimuliwa na kiongozi mwenyewe.