Volti 12 na viungo vya nyaya za bustani
Wakazi wengi wa Nairobi wenye taa za bustani huamini kwamba, kwa kuwa transfoma hushusha umeme hadi volti 12, nyaya zinaweza kusokotwa kwa mkono, kuzungushiwa tepu na kufukiwa. Volti hizo kweli ni vigumu kumdhuru mtu, na pengine imani hii ilianzia hapo.

Hata hivyo, kwa wati zile zile, volti zikipungua mkondo huongezeka: taa za wati 60 huvuta ampea 5 kwenye volti 12, ilhali kwenye volti 240 zingevuta robo ampea tu, hivyo kiungo kilicholegea hupata joto na kupoteza umeme. Gundi ya tepu nayo huachia udongoni, maji ya masika hupenya, na shaba huota kutu ya kijani.

Anayetaka kuhakikisha apime kwa mita, taa zikiwaka, volti kati ya pande mbili za kiungo kwenye waya ule ule. Kiungo kizuri husoma karibu sifuri. Kikisoma zaidi, azime stima kwanza, kisha akate sehemu iliyoharibika na kutumia kiunganishi chenye jeli ya kuzuia maji, ambacho gharama yake ni ndogo kuliko kuchimbua bustani upya.