Kilichopangwa na kilichopimwa: namba za ventileta kwenye chati

Chati ya mgonjwa anayepumuliwa na ventileta, mashine ya kupumulia, inasema "RR 16", yaani pumzi 16 kwa dakika. Anayepokea zamu lazima aulize: 16 za nani, za mashine au za mgonjwa? Ventileta ikipangwa pumzi 16 kwa dakika na mgonjwa akajivutia nyingine 12 juu yake, anapumua mara 28, na hiyo 28 ndiyo habari yenyewe. Homa, maumivu, asidi kwenye damu, vyote vinaweza kujificha nyuma ya ile 16.

Kwa hiyo nikipitia fomu yoyote ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, naanzia hapo. Kipimo chenye sura mbili kipewe safu mbili: kilichopangwa na kilichopimwa. Pumzi kwa dakika, ujazo wa pumzi, PEEP (shinikizo linalobaki kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi). Vikichanganywa kwenye safu moja, wa mchana ataandika alichopanga, wa usiku ataandika namba inayochezacheza kwenye skrini, na chati itaonyesha mabadiliko ambayo hakuna aliyeyafanya.

Majina ya modi, yaani namna mashine inavyotoa pumzi, nayo yana fujo yake. Modi inayolenga ujazo huku shinikizo likijirekebisha pumzi hadi pumzi huitwa PRVC kwenye mashine za Servo, VC+ kwenye Puritan Bennett, AutoFlow kwenye Dräger na APVcmv kwenye Hamilton. ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilitoa msamiati wa pamoja mwaka 2019, kiwango namba 19223, ila mashine nyingi zilizoko wodini bado zinaongea lugha ya kiwandani kwao. Andika jina kama lilivyo kwenye skrini, kisha maneno machache: kinacholengwa ni ujazo au shinikizo, na mgonjwa anaruhusiwa kuanzisha pumzi au la.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote liko kwenye shinikizo. "PC 20, PEEP 8", PC ikiwa modi inayolenga shinikizo na namba zikiwa za cmH2O (sentimita za maji), ina maana mbili. Kuna mashine zinazohesabu 20 kuanzia juu ya PEEP, kilele kikawa 28. Nyingine zinahesabu kuanzia sifuri: kilele ni 20, na kinachosukuma hewa ni 12 tu. Mhamishe mgonjwa aliyelazwa usingizi kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili kwa namba ileile, na ujazo wa pumzi utashuka kwa takriban asilimia 40. Maneno mawili yanatosha kuzuia hilo: "20 juu ya PEEP 8, kilele 28 cmH2O".

Ujazo hauna maana bila urefu wa mgonjwa. Mpime kwa futi ya utepe akiwa amelala, usikisie, na urefu uandikwe juu kabisa ya chati pamoja na uzito uliokadiriwa kutokana na urefu huo, kwa kilo: mwanamke 45.5, mwanaume 50, ongeza 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4. Mwanamke wa sentimita 160 anapata kilo 52.4, na kwa mililita 6 kwa kilo pumzi yake ni kama mililita 314. Akiwa na kilo 85 kitandani na mtu akatumia hizo, atampa 510, yaani karibu mililita 10 kwa kilo. Mapafu hayanenepi.

Shinikizo tulivu (plateau), lile la kwenye mapafu hewa ikiwa imesimama, lipimwe kwa kusimamisha pumzi mwishoni mwa kuvuta, kama nusu sekunde, mgonjwa akiwa ametulia. Akiwa anavutana na mashine namba hiyo haiaminiki, basi andika "haikupimika". Pengo tupu haliambii mtu kama ulijaribu au ulisahau. Kichochezi, yaani kiwango cha juhudi ya mgonjwa kinachoifanya mashine itoe pumzi, kipewe kizio chake: 2 ya lita kwa dakika si 2 ya cmH2O.

Kwa FiO2, yaani sehemu ya oksijeni kwenye hewa anayovuta mgonjwa, chagueni mtindo mmoja, 0.5 au 50, wodi nzima. Mtego wake uko kwenye kufyonza makohozi: kitufe cha oksijeni 100% hubonyezwa, mashine hukaa hapo dakika kama mbili, na mtu akinakili skrini wakati huo chati inabeba 1.0. Damu ya ateri iliyochukuliwa kabla yake, PaO2 (shinikizo la oksijeni kwenye damu hiyo) 80 kwa FiO2 0.5, inatoa uwiano wa 160. Kwa 1.0 iliyonakiliwa kimakosa unakuwa 80, na mgonjwa wa ARDS (mapafu kushindwa ghafla kupitisha oksijeni) ya wastani anahesabiwa kuwa wa ile kali. Ndiyo maana mipangilio iandikwe dakika ileile sindano inapochomwa, si majibu yanaporudi.

Mfumo wa kompyuta unaovuta namba wenyewe kutoka kwenye ventileta hauna kinga na hili. Nao huchota kilichopo sekunde hiyo, kufyonza kukiwemo. Muuguzi alinganishe namba na skrini kabla ya kuzithibitisha, na kila badiliko la mpangilio libebe saa, sababu na jina la aliyeagiza.