Unataka kuchangia waathirika wa maafa? Anza na orodha, si na kabati

Kila maafa yana orodha yake. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba, na watu wakalala nje. Mahitaji ya kwanza pale yalikuwa turubai, kisha bati, mbao, saruji na misumari. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 lilikuwa jambo jingine. Katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom, lilifukia sufuria, godoro, sare za shule na akiba ya unga, na usiku wa huko una baridi kali. Rufiji ilipofurika Aprili 2024, blanketi nzito hazikuwa na maana kubwa kama chandarua na dawa ya kutibu maji, na yapo maeneo ambayo mzigo haukuweza kufika bila boti.

Kazi yangu ni ya ghala la maafa: kupokea, kuhesabu, kufunga na kugawa. Kutoa ni moyo, na moyo watu wanao. Kinachotuangusha ni kwamba mtu husikia habari, akafungua kabati lake, akajaza kilichomo kwenye kiroba. Kiroba hicho kikifika kina nguo za saizi kumi, kiatu kimoja kisicho na mwenzake, pakiti mbili za tambi na chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki nusu. Hakigawiki mpaka kifunguliwe na kuchambuliwa, na watu wa kuchambua ni walewale ambao saa hiyo walitakiwa wawe wanagawa maji.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kufunga chochote, piga simu. Kwa Tanzania Bara uratibu uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na huku chini ipo kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya. Ofisi ya mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri au tawi la Msalaba Mwekundu la mkoa watakuelekeza. Uliza mambo haya: kaya zilizoandikishwa ni ngapi, nini kimeshajaa ghalani, nini kimekwisha, barabara inapitisha gari la ukubwa gani, na nani atapokea na kusaini. Swali la nini kimejaa ndilo linalosahaulika, na ndilo linalookoa fedha nyingi. Ukiambiwa nguo zinatosha, amini. Hakuna anayekudharau.

Ukishapata majibu, fikiri kwa kaya. Sisi hukadiria kaya moja kuwa watu watano. Mgao wa chakula tunaoutumia kukokotoa ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za mikunde na gramu 25 za mafuta, pamoja na chumvi kidogo. Kwa wiki moja kaya hiyo inahitaji kilo 14 za unga au mchele, kilo 2 na kidogo za maharage, lita moja ya mafuta na robo kilo ya chumvi. Jumla ni kama kilo 17. Kaya 200 ni karibu tani tatu na nusu, yaani Kenta moja iliyojaa, kwa wiki moja tu. Hesabu hii inasaidia kikundi cha kanisa, msikiti au kazini kuamua: afadhali kaya 50 zipate mgao kamili kuliko kaya 400 zipate kilo mbili mbili za unga bila mafuta wala chumvi.

Mahindi yasiyosagwa yaache, isipokuwa umehakikishiwa kuwa mashine ya kusaga iko karibu na umeme upo. Dona ni bora kwa lishe kuliko sembe, ila kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake huwahi kuwa mchungu. Kama mzigo utakaa ghalani zaidi ya wiki chache, peleka sembe. Maharage makavu yanakula kuni. Katika wiki ya kwanza, wakati kuni zote zimelowa, choroko au dengu zilizoparazwa zinaiva mapema zaidi. Na usipakie sabuni pamoja na unga. Mche wa sabuni ukilala na kiroba cha sembe safari nzima chini ya turubai lenye joto, harufu inaingia kwenye unga na hata ukisonga ugali inabaki. Hapo unga ni mzima kabisa, ila watoto wanaukataa.

Maji ya chupa ni kitu cha siku mbili tatu za mwanzo, basi. Kiwango cha chini kinachokubalika kwenye kambi ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kujisafisha. Kaya 200 zingehitaji tani 15 za maji kila siku, na hakuna anayeweza kusomba hizo kwa katoni. Peleka dumu za lita 20, mbili kwa kaya, na vidonge vya klorini. Kidonge cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Kwa kaya moja, kidonge kimoja kwa siku kinatosha maji ya kunywa, kwa hiyo mahitaji ya mwezi mzima ya kaya 200 yanaingia kwenye boksi unalobeba mkononi. Maji ya mafuriko huwa na tope, na tope hula klorini. Yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha dozi iongezwe kama pakiti inavyoelekeza. Maelezo yawe kwa Kiswahili, na kila anayegawa aonyeshe mara moja kwa vitendo, maana kuna mtu atakimeza kidonge kama cha maumivu ya kichwa.

Dumu ni bora kuliko ndoo kwa kuhifadhi maji ya kunywa kwa sababu ya mdomo wake mwembamba: mkono wa mtoto hauingii. Ukipeleka ndoo, iwe na kifuniko, na ikiwa na koki ni nzuri zaidi. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za shamba lisifike kabisa, hata kama limeoshwa mara kumi.

Nguo

Nguo ndizo zinazojaa kuliko vyote, na ndizo zinazoachwa nyuma kwenye kona ya ghala. Sisemi msilete. Nasema nguo moja ina maana pale tu anayegawa anapoweza kuipata bila kufumua robota zima.

Fua, kausha juani hadi mishono na mifuko ikauke, angalia mifukoni, kisha funga. Nguo yenye unyevu kidogo tu ikifungiwa kwenye mfuko wa nailoni hutoa ukungu ndani ya siku chache, na ukungu unahamia kwenye nguo nyingine zote za robota hilo. Kila robota liwe na aina moja. Kwa nje andika kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili: SWETA, WATOTO MIAKA 5–10, 40. Viatu vifungwe viwili viwili kwa kamba. Nguo za ndani ziwe mpya peke yake. Kumpa mama aliyepoteza kila kitu chupi iliyokwishavaliwa ni kumvunjia heshima. Viatu vya visigino virefu, suti, nguo zilizochanika na zile zenye zipu mbovu bakini nazo, au ziuzeni huko huko mjini na fedha mlete.

Kama mnanunua, nunueni kanga. Haina saizi. Mama huivaa, hujitanda, hubeba mtoto mgongoni, hujisitiri anaponyonyesha, huitandika, na msibani huhitajika. Doti moja kwa kila mwanamke na msichana ni zawadi ambayo haijawahi kurudi ghalani. Kwa sehemu za baridi kama Hanang, ongeza blanketi moja kwa kila mtu na sweta kwa watoto. Kwa bonde la Rufiji, vyandarua vitatu vyenye dawa kwa kaya ya watu watano, pamoja na kamba na misumari ya kuvitundika. Chandarua kisicho na pa kufungwa huishia kutumika kama shuka.

Taulo za kike hesabu angalau 15 kwa kila msichana na mwanamke kwa mwezi. Pedi za kufua ni nzuri mahali penye maji, sabuni na sehemu ya faragha ya kuanika. Kambi ya darasani mara nyingi haina hiyo sehemu. Zifungwe kwenye mfuko usioonyesha, pamoja na chupi na sabuni, na mgawaji awe mwanamke. Sabuni yenyewe: gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Inakwisha upesi kuliko chakula, na wachache hukumbuka kuileta mara ya pili.

Turubai la kawaida kwa kazi hii ni mita 4 kwa 6, lenye pete za kupitisha kamba pembeni. Yale membamba ya bei nafuu yanaanza kuchanika kwenye pete kabla mvua haijaisha. Kila kaya ingepata mawili, kamba, panga, nyundo, msumeno na misumari, ndipo inaweza kujisimamishia kitu. Turubai bila kamba ni shuka kubwa la plastiki. Kwa maafa ya tope ongeza beleshi, toroli, glavu ngumu na buti za mpira, kwani kusafisha nyumba moja iliyojaa tope hadi dirishani ni kazi ya siku nyingi, na tope lina mabati na vioo ndani yake. Majiko ya mkaa yaandamane na onyo: yasiwashwe ndani ya hema. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua waliolala.

Visivyopaswa kupakiwa

Dawa za hospitali, usichange. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Aceh kule Indonesia ilipokea kiasi cha tani 4,000 za dawa, nyingi hazikuwa kwenye orodha ya mahitaji, na nyingine zilikuwa na maandishi ambayo wauguzi wa pale hawakuweza kuyasoma. Kuziteketeza kukawa gharama juu ya maafa. Dawa zina njia yake, kupitia Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa. Mwenye nia atoe fedha kwa njia hiyo.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga nayo, hapana. Najua inauma kusikia, kwa kuwa ndiyo kitu cha kwanza mtu hukiwaza akiona picha ya mtoto mchanga kambini. Lakini maziwa ya unga yanataka maji yaliyochemshwa, chupa safi na kipimo sahihi, vitu vitatu ambavyo kambi haina. Utafiti uliofanyika baada ya tetemeko la Yogyakarta la 2006 ulikuta kuhara kwa watoto waliopata maziwa ya msaada ni takriban mara mbili ya wale ambao hawakuyapata. Tena mtoto akipunguza kunyonya, maziwa ya mama nayo hupungua, na kopo likiisha hakuna pa kurudi. Mama anayenyonyesha mpe chakula, maji ya kutosha, kanga na mahali pa kukaa ametulia. Mtoto aliyefiwa na mama apelekwe kwa wahudumu wa afya, wao wana utaratibu wa kumlisha na kumfuatilia.

Mlioko Oman, Uingereza au Marekani, msijaze kontena. Litakaa baharini wiki kadhaa, litasubiri vibali bandarini, na gharama za kulihifadhi pale zinaweza kuzidi thamani ya vilivyomo. Tumeni fedha, vitu vinunuliwe mkoa wa jirani: vinafika mapema, ni vile watu walivyozoea, na wafanyabiashara wa huko wanapata mauzo.

Siku ya kufikisha, nenda na orodha yenye nakala tatu: ya ghala, ya dereva na yako. Hesabuni pamoja, asaini anayepokea kwa jina na cheo. Magunia yapangwe juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Usigawe kutoka nyuma ya gari, hata ukisihiwa. Watakaofika mbele ni vijana wenye nguvu. Mzee, mjamzito na mlemavu watabaki mikono mitupu, na kwenye msukumano watu huumia. Mgao ufuate daftari la kaya, na mtendaji wa kijiji na mabalozi wa nyumba kumi wathibitishe majina, wakiwemo waliohifadhiwa na ndugu zao nje ya kambi, ambao daftari huwaruka mara kwa mara. Picha za kumbukumbu mpige za mzigo. Msimpange mtu foleni ashike ndoo mbele ya bango lenu.

Ikiwa hamjaweza kuchangia wiki ya kwanza, hamjachelewa. Kuanzia wiki ya nne magari hupungua huku mahitaji yakibadilika: sare na madaftari, sabuni, chumvi, majembe yenye mipini, mbegu. Bonde la Rufiji wakulima hupanda kilimo cha mlau maji yanapoondoka na kuacha udongo wenye unyevu. Ekari moja ya mahindi inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu. Ulizeni afisa ugani wa kata ni mbegu ipi inayokomaa mapema inayofaa pale, na zifike wakati maji yanapungua. Zikichelewa mwezi mmoja udongo utakuwa umekauka.