Je, wajua kwa nini mwanasiasa wa "katikati" huwaudhi wenye bunduki wa Marekani?

Mwaka 1990, katika jimbo la Vermont, chama cha wenye bunduki cha Marekani, NRA, kiliwaandikia wanachama wake barua ya ajabu. Kiliwaambia kwamba Bernie Sanders, msoshalisti asiye na chama na meya wa zamani wa mji wa Burlington, alikuwa chaguo lenye heshima kuliko mbunge aliyekuwa kitini, Peter Smith wa chama cha Republican. Sanders alishinda kwa asilimia 56 hivi, Smith akaambulia kama 40. Ndivyo Sanders alivyoingia Bungeni, na hajatoka mpaka leo.

Smith alikuwa amekosa nini? Alichaguliwa mwaka 1988 akijulikana kama mtu asiyegusa bunduki za watu. Januari 1989 mtu mmoja akaivamia shule ya msingi mjini Stockton, California, akaua watoto 5 kwa risasi. Smith akabadili mawazo, akaunga mkono muswada wa kupiga marufuku baadhi ya bunduki za mtindo wa kijeshi. Bastola ya nyumbani haikuguswa, wala bunduki ya kuwindia kulungu. Kwa mtu wa kawaida huo ni msimamo wa katikati kabisa.

Lililo tamu katika kisa hiki ni kwamba Sanders naye alikuwa tayari kuunga mkono marufuku hiyohiyo. Alichokataa ni sheria ya kumlazimisha mnunuzi wa bastola angoje siku kadhaa kabla ya kukabidhiwa. Kwa marufuku ya bunduki za kijeshi, basi, wawili hao hawakupishana, lakini mmoja alisema mapema na mwingine aligeuka akiwa kitini. Wenye bunduki wakamwadhibu aliyegeuka.

Jibu la swali letu limo humo. Mpigakura wa bunduki haangalii sana mwanasiasa amesimama wapi. Anaangalia anaelekea wapi, na aliye katikati anaonekana yuko njiani kwenda upande wa pili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuona haya yote ni vurugu tupu. Kwetu bunduki ni jambo la kibali: unaomba, unachunguzwa, ukipewa unashukuru. Marekani mambo yanaanzia kwingine. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanataja haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Heller, iliamua kwamba hiyo ni haki ya mtu binafsi, hata asiye mwanajeshi wa aina yoyote. Ukishaita kitu haki, anayekuja kukwambia "tukutane katikati" anasikika kama anayetaka umegewe kidogo.

NRA yenyewe ina namna ya kuliandika jambo hili kwa herufi. Kabla ya uchaguzi huwapa wagombea alama kama za shuleni, kuanzia A+ hadi F, na wanachama huletewa orodha. Alama ya C inavutia kuliko zote. Maelezo ya chama husema C inamhusu mgombea mwenye rekodi mchanganyiko, aliyeunga mkono baadhi ya vizuizi na kupinga vingine, kisha yanaongeza kwamba si lazima ihesabike kuwa amefaulu. Mgombea anayekataa kujibu dodoso lao hupewa alama ya kuuliza, na hilo nalo huchukuliwa kuwa dalili ya kutojali au hata uadui. Kukaa kimya hakumwokoi mtu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. NRA ilianzishwa mwaka 1871 kufundisha watu shabaha, na kwa miongo mingi haikuona tabu kukubaliana na sheria fulani za udhibiti. Mwaka 1977, kwenye mkutano wao mjini Cincinnati, wanachama walioona viongozi wamelegea waliwang'oa usiku mmoja, na tangu hapo chama kikawa cha siasa hasa.

Wanaopenda udhibiti husema wenye bunduki wana wasiwasi usio na msingi, kwamba wakiona hatua moja wanadhani zinakuja kumi. Mimi naona hoja ya wenye bunduki ina uzito kuliko inavyopewa. Chukua sheria ya Brady ya mwaka 1993. Iliamuru rekodi ya mnunuzi ikaguliwe anaponunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Mtu binafsi anayemuuzia mwenzake hakuguswa. Miaka ikapita, na mauzo hayo yaliyoachwa nje yakaanza kuitwa "mwanya" unaopaswa kuzibwa. Ukiwa mwenye bunduki, unachokiona ni kwamba maafikiano ya jana ndiyo malalamiko ya leo. Kwa nini basi ukubali maafikiano mapya?

Hata hivyo, hoja hiyo nzuri hufika mahali ikakataa kusikia chochote. Ushahidi wake ni Joe Manchin. Mwaka 2010, akiwania useneta wa West Virginia kwa tiketi ya Democratic, alitoa tangazo la televisheni ambalo watu bado wanalikumbuka: anaingiza risasi kwenye bunduki, analenga, na kuipasua karatasi ya muswada wa kudhibiti hewa chafu iliyowekwa kama shabaha. Alikuwa na A ya NRA. Huyu hakuwa mtu wa mjini asiyejua kitako cha bunduki.

Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, waliuawa watoto 20 na watu wazima 6. Manchin akaungana na Pat Toomey, Mrepublican wa Pennsylvania ambaye naye alikuwa na A, wakaandika pendekezo la kupanua ukaguzi wa rekodi hadi kwenye maonyesho ya bunduki na mauzo ya mtandaoni. Mtu kumpa ndugu yake bunduki hakukuguswa. Na kwa kuwa walijua hofu kubwa ni serikali kuweka daftari la kitaifa la wenye bunduki, walikataza daftari hilo ndani ya pendekezo lenyewe, kwa adhabu ya kifungo cha hadi miaka 15. Haikusaidia. NRA ilipinga, na tarehe 17 Aprili 2013 pendekezo lilipata kura 54 kwa 46 katika Seneti, ambako zilihitajika 60.

Tafiti za maoni wakati ule zilionyesha Wamarekani wengi mno, karibu tisa kati ya kumi katika baadhi yake, wakikubali ukaguzi huo. Inakuwaje jambo linalopendwa hivyo likaanguka? Kwa sababu wengi walilikubali kwa mdomo tu. Ukimwuliza mtu kwa simu anasema ndiyo, kisha siku ya kupiga kura anafikiria bei za vitu, shule na hospitali. Mwenye bunduki hana shughuli nyingine siku hiyo. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti wa maoni, wa mwaka huohuo uliona karibu robo ya waliotanguliza haki ya bunduki waliwahi kuchangia fedha kwa kikundi cha upande wao. Waliotanguliza udhibiti hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Seneta anajua nani atamkumbuka.

Manchin alinusurika. Mwaka 2018 alirudi na tangazo lilelile, safari hii akizipiga risasi karatasi za kesi iliyotaka kuifuta sheria ya bima ya afya, na akashinda ingawa NRA ilikuwa imemshusha hadi D. Watu wa West Virginia walimwona ni mwenzao. Mitt Romney hakuwa na bahati hiyo. Akiwa gavana wa Massachusetts alitia saini sheria ya kudumu ya kupiga marufuku bunduki za kijeshi mwaka 2004, kisha alipotaka urais akajiunga na NRA uanachama wa maisha na kujiita mwindaji wa tangu utotoni. Waandishi walipochimba, ikabidi afafanue kwamba mawindo yake yalikuwa hasa vinyama vidogovidogo. Hata asiye na bunduki alicheka.

Mahali pa hatari zaidi kwa Mrepublican wa katikati si uchaguzi mkuu. Huko mwenye bunduki akimchoka Mrepublican wake kwa kawaida hana pa kwenda, na NRA ilimuunga mkono Romney huyohuyo mwaka 2012. Hatari iko kwenye kura za mchujo ndani ya chama, ambako wapigakura ni wachache na wana hasira. Mei 2022 wanafunzi 19 na walimu 2 waliuawa Uvalde, Texas, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya wastani iliyoongeza ukaguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Maseneta 15 wa Republican waliikubali. Kati yao ni wawili tu waliokuwa wakienda kwa wapigakura mwaka huo. Todd Young wa Indiana alikuwa ameshavuka mchujo mwezi Mei, na Lisa Murkowski anatoka Alaska, ambako mchujo uko wazi kwa wapigakura wote. John Cornyn wa Texas, aliyeongoza mazungumzo hayo, alizomewa na wajumbe wa chama chake mjini Houston kabla sheria haijapita.

Katika Baraza la Wawakilishi, Tony Gonzales, ambaye jimbo lake la uchaguzi ndilo lililokuwa na mji wa Uvalde, naye alipiga kura ya ndiyo. Machi 2023 chama chake cha Texas kikamkaripia rasmi, sheria hiyo ikiwa miongoni mwa makosa aliyohesabiwa. Mwaka uliofuata akakabiliwa kwenye mchujo na Brandon Herrera, kijana anayejulikana kwa video za bunduki YouTube, wakafika hadi duru ya pili. Gonzales alipona kwa tofauti ya kura zisizofika 500.