Namna ya kusoma daftari la sensa la Kachchh: kijiji ni kipi, na nani amehesabiwa

Kachchh ni wilaya iliyo kwenye ncha ya magharibi ya India, katika jimbo la Gujarat, ikipakana na Pakistan. Familia nyingi za Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi zina asili huko: Mandvi, Bhuj, Mundra na vijiji vilivyozunguka miji hiyo. Ndiyo maana dawati letu la takwimu hupokea mara kwa mara mtu mwenye jina la kijiji mkononi na swali moja: kina watu wangapi? Tarakimu yenyewe haichukui muda kuipata. Linalochukua muda ni kueleza tarakimu hiyo imemhesabu nani na katika mipaka ipi. Bila maelezo hayo msomaji huondoka na namba sahihi na picha ya uongo.

Chanzo ni kitabu cha sensa cha wilaya. India imekuwa ikivitoa tangu sensa ya 1951, kimoja kwa kila wilaya, na sensa ya 2011 ilipofanyika wilaya zilikuwa 640. Kitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza ni orodha ya vijiji na miji pamoja na huduma zake: shule, zahanati, maji, barabara, posta, benki, umeme, na matumizi ya ardhi kwa hekta. Ya pili ni jedwali la watu: kaya, wanaume na wanawake, watoto, wanaojua kusoma na kuandika, wanaofanya kazi. Sehemu hizi hazikukusanywa kwa njia moja. Jedwali la watu linatokana na makarani waliopita nyumba kwa nyumba. Orodha ya huduma hujazwa na maofisa wa eneo kutoka kwenye kumbukumbu zao. Ukiona kijiji kina "b" kwenye safu ya hospitali, maana yake huduma hiyo haipo pale, na iliyo karibu iko umbali wa kilomita 5 hadi 10. "A" ni chini ya 5, "c" ni zaidi ya 10. Binafsi naiamini sehemu ya watu kuliko ile ya huduma.

Sasa kijiji. Msomaji wa Tanzania akisikia neno hilo hufikiria serikali ya kijiji, mwenyekiti na vitongoji. Kijiji cha sensa ya India ni kipande cha ardhi chenye mipaka iliyochorwa na ofisi ya mapato ya ardhi, mingi tangu enzi za Waingereza na za watawala wa jadi, kwa ajili ya kutoza kodi ya mashamba. Watu si sharti la kuwapo kwake. Ndani ya kipande kimoja kunaweza kuwa na makazi matatu yasiyojuana, na kunaweza kusiwe na hata nyumba moja. Mwaka 2011 India nzima ilikuwa na vijiji takriban 640,000, na zaidi ya 40,000 kati ya hivyo havikuwa na mkazi. Bado vimo kitabuni, kila kimoja na mstari wake na sifuri zake. Wilaya ya Kachchh ina vijiji zaidi ya 900 vilivyogawanywa katika tarafa kumi zinazoitwa taluka, na humo pia utakuta vilivyo tupu. Mtu aliyesimuliwa na bibi yake juu ya kijiji chenye watu, kisha akakuta sifuri, asikimbilie kusema sensa imekosea. Huenda watu walihamia upande wa pili wa mpaka wa kijiji, na sasa wanaonekana kwenye mstari wa jirani.

Hapo jina halikusaidii sana. Gujarat imejaa vijiji vya jina moja vinavyotenganishwa kwa kiambishi cha ukubwa: katika taluka ya Mandvi kuna Mota Asambia na Nana Asambia, yaani Asambia Kubwa na Ndogo. Kotda ziko kadhaa, na ili usipotee lazima ujue kama ni Kotda Jadodar au Kotda Chakar. Zaidi ya hapo, tahajia za kizamani hazifanani na za sasa. Hata wilaya yenyewe imeandikwa Cutch, Kutch na Kachchh. Kinachotegemewa ni namba ya eneo. Mwaka 2011 kila kijiji na kila mji ulipewa namba ya tarakimu sita, miji ikianzia kwenye mlolongo wa 800001. Lakini namba ya 2011 si ile ya 2001. Anayetaka kulinganisha sensa mbili hupitia jedwali la ulinganifu kwanza, na ukweli ni kwamba wengi huruka hatua hii.

Mji nao una mtego wake. Miji ni ya aina mbili. Ipo iliyotangazwa kisheria, yenye manispaa au bodi. Na ipo inayoitwa miji kwa hesabu za sensa tu: mahali penye watu wasiopungua 5,000, ambapo angalau asilimia 75 ya wanaume wenye kazi ya kudumu hawajishughulishi na kilimo, na msongamano si chini ya watu 400 kwa kilomita ya mraba. Mahali kama hapo panaendelea kuongozwa na halmashauri ya kijiji, panapata fedha za kijiji, na wakazi wake wanasema wanaishi kijijini. Ni kitabu cha sensa pekee kinachopaita mji. Kati ya 2001 na 2011 miji ya aina hii iliongezeka nchini kutoka 1,362 hadi karibu 3,900, ilhali ile ya kisheria iliongezeka kwa mamia machache tu. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoelezwa kuwa watu kukimbilia mijini ni watu ambao hawakusogea hata hatua moja, walibadilishiwa safu.

Mfano mzuri ni Madhapar, iliyoungana na Bhuj. Magazeti hupenda kuiita kijiji tajiri kwa sababu ya fedha ambazo watu wake walioko ng'ambo wameweka kwenye benki za pale. Katika sensa ya 2011 imo upande wa miji. Ukiisaka kwenye orodha ya vijiji hutaiona, na si kwamba imesahauliwa. Bhuj yenyewe inaonekana mara mbili: kama manispaa, na kama mji pamoja na viunga vyake, ambapo jumla inafika takriban 188,000. Ukichukua tarakimu ya kwanza kwa mwaka mmoja na ya pili kwa mwaka mwingine, utapata ukuaji wa ajabu ambao haukutokea.

Swali la nani aliyehesabiwa ndilo linalogusa zaidi familia za huku kwetu. Tanzania huhesabu watu kwa kuzingatia walikolala usiku wa kuamkia siku ya sensa; mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. India hufanya vingine. Makarani hupita kwa wiki tatu, mwaka 2011 kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari, na mtu huandikwa mahali anapoishi kwa kawaida mradi alikuwapo kwa sehemu yoyote ya kipindi hicho. Usiku wa tarehe 28 huhesabiwa wasio na makazi. Kisha makarani hurudi siku tano za kwanza za Machi kuongeza waliozaliwa na kuondoa waliofariki, ili hesabu isimame kwenye saa sita usiku ya kuingia Machi mosi. Aliyekuwa mbali muda wote huo hayumo kwenye hesabu ya pale.

Fikiria basi vijiji vya Wapatel wa Kachchh kama Baladia, ambavyo watoto wao wametawanyika Nairobi na London. Nyumba ni za ghorofa, zimepakwa rangi, na zina makufuli. Mwenye nyumba akiwa Kenya mwezi wote wa Februari, hahesabiwi kijijini kwake, hata kama hati, hekalu na harusi za wanawe viko huko. Nyumba yake lakini huhesabiwa, katika zoezi la kuorodhesha majengo linalotangulia sensa ya watu, na huenda ikaandikwa kuwa tupu. Mwaka 2011 India ilikuwa na nyumba takriban milioni 331, na karibu milioni 25 ziliandikwa tupu. Kwa vijiji vya aina hii, safu ya nyumba tupu inaeleza uhamaji kuliko safu ya watu.

Wafugaji wa Banni, nyika iliyo kaskazini mwa Bhuj, wana tatizo lao. Mvua zikikosekana huhama na mifugo, na anayekuwa safarini muda wote wa zoezi huhesabiwa alikokutwa.

Halafu kuna mwaka 2001, ambao hauwezi kusomwa kama miaka mingine. Asubuhi ya tarehe 26 Januari, Siku ya Jamhuri, tetemeko la ardhi liliangusha Bhachau, Anjar, Rapar na sehemu kubwa ya Bhuj, na kuua zaidi ya watu 12,000 katika wilaya hii peke yake. Makarani walikuwa waanze kazi tarehe 9 Februari. Haikuwezekana. Matokeo ya awali ya taifa yalipotangazwa Machi mwaka ule, Kachchh iliwekewa makadirio badala ya hesabu, pamoja na baadhi ya taluka za wilaya jirani za Rajkot na Jamnagar. Watu walikuja kuhesabiwa baadaye, na tarakimu ya mwisho ikawa 1,583,225. Anayelinganisha kijiji cha Bhachau cha 2001 na kile cha 2011 analinganisha jamii iliyotoka kwenye vifusi na ile iliyokwisha kujengwa upya, mara nyingine mbali kidogo na magofu ya zamani. Ningemshauri airudie pia tarakimu ya 1991 kabla ya kusema lolote.

Kufikia 2011 wilaya ilikuwa na watu 2,092,371, ongezeko la asilimia 32 kwa miaka kumi. Ni wengi kwa wilaya iliyokuwa na watu takriban 567,000 mwaka 1951. Sababu haikujificha. Baada ya tetemeko serikali ilitoa misamaha ya kodi kwa viwanda. Bandari za Kandla na Mundra zikapanuka. Vibarua wakaja kutoka majimbo mengine, wengi wao wanaume wasio na familia. Utaiona alama yao kwenye uwiano wa jinsia: mwaka 2001 kulikuwa na wanawake 942 kwa kila wanaume 1,000, mwaka 2011 wakawa 908. Gandhidham, mji ulioanzishwa baada ya mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947 kuwapokea wakimbizi wa Sindh, ulikuwa na watu karibu 248,000. Katika sensa zilizofanywa kabla ya mgawanyo usiutafute, haukuwapo.

Msongamano wa wilaya, watu 46 kwa kilomita ya mraba, ni tarakimu ambayo ningependa isichapishwe kabisa bila tahadhari. Kachchh ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, zaidi ya kilomita za mraba 45,000, lakini sehemu kubwa yake ni Rann, uwanda wa chumvi unaofunikwa na maji msimu wa mvua. Hakuna anayeishi katika msongamano wa 46. Kuna Gandhidham, na kuna chumvi.

Kuhusu elimu, kosa la kawaida ni la hesabu tu. Sensa humhesabu kuwa anajua kusoma mtu wa miaka 7 na kuendelea anayeweza kusoma na kuandika kwa kuelewa, kwa lugha yoyote. Kijiji cha mfano chenye watu 1,000, kati yao watoto 150 wenye umri wa chini ya miaka 7 na wasomaji 600, kina kiwango cha 600 kwa 850, yaani asilimia 70.6, wala si 60. Asilimia 70.6 ndiyo iliyokuwa kiwango cha Kachchh nzima mwaka 2011.

Safu za makundi ya kijamii zinahitaji uangalifu zaidi. Jedwali la kijiji linaonyesha watu wa matabaka ya kuzaliwa (kasti) na makabila yaliyoorodheshwa kikatiba, kwa jumla yao, bila kutaja moja moja. Na orodha hizo zinategemea mahali. Wasiddi, ambao asili yao ni Afrika, katika Gujarat wanatambuliwa kama kabila lililoorodheshwa kwenye wilaya kama Junagadh, Jamnagar, Rajkot na Amreli. Kachchh haimo. Msiddi wa Bhuj anahesabiwa kama raia mwingine yeyote na haonekani kwenye safu hiyo; jamaa yake wa Jambur, karibu na msitu wa Gir, anaonekana. Anayetafuta nyayo za Waafrika wa Kachchh kwa kutumia safu ya makabila hatapata kitu, na sifuri hiyo si ushahidi kwamba hawapo.

Dini haipo kwenye jedwali la kijiji. Inaishia ngazi ya taluka na mji. Lugha ya Kikachchhi imo kwenye majedwali ya lugha, lakini chini ya kundi la Kisindhi, kwa hiyo usiitafute peke yake. Hesabu kamili ya matabaka yote iliyochapishwa mara ya mwisho ni ya 1931. Majina ya watu hayamo popote: sheria ya sensa ya 1948 inafunga fomu za kaya zisikaguliwe na yeyote, na zile za enzi za Waingereza hazikuhifadhiwa baada ya majedwali kukamilika. Anayemtafuta babu yake aliyepanda jahazi Mandvi ajaribu vitabu vya hekalu, jamatini au mahakama ya ardhi.

Sensa iliyopaswa kufanyika 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO. Serikali ya India imetangaza kwamba inayofuata itasimama kwenye tarehe 1 Machi 2027, itatumia vifaa vya kidijitali, na itauliza tabaka la kila mtu. Mpaka majedwali yake yatoke, hesabu ya mwisho ya kijiji chochote cha Kachchh ni ile ya 2011. Tovuti zinazokupa idadi ya watu wa kijiji hicho kwa mwaka 2023 au 2025, hadi mtu wa mwisho, zimechukua tarakimu ya 2011 na kuizidisha kwa kasi ya ukuaji. Hakuna karani aliyebisha hodi.