Mmea Unaonenepa kwa Kufukiwa

Mtu akinikuta nimechuchumaa juu ya tuta la mchanga, nafukua kwa vidole, huniuliza nimeangusha nini. Sijaangusha kitu. Natafuta vifundo, yaani pale jani linapotokea kwenye shina, vya Ipomoea pes-caprae, mmea unaotambaa ufukweni, maana mwenye kutazama majani na maua yake tu ameuona nusu mmea.

Pes-caprae ni Kilatini, mguu wa mbuzi. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita Convolvulus pes-caprae mwaka 1753, kisha mwenzake wa baadaye, Robert Brown, akauhamishia kwenye jenasi ya Ipomoea, yaani jamaa ya kiazi kitamu. Chuma jani uone jina lilikotoka: ncha imechanika katikati, na pande zake mbili zimekaa kama kwato. Jani lenyewe ni nene, linateleza, na ukilikata linatoka utomvu mweupe. Fukwe za kitropiki za bahari zote tatu, Atlantiki, Hindi na Pasifiki, zinao.

Sasa turudi mchangani. Upepo wa baharini hubeba chembe za mchanga chinichini. Zikifika kwenye majani haya kasi hupungua, zinadondoka. Mchanga unapanda, na mimea mingi ikifunikwa hivyo hufa. Huu hapana. Kifundo kilichofukiwa huota mizizi, na ncha ya shina huzidi kutambaa juu ya mchanga mpya, ambao nao utanasa mwingine. Shina moja huweza kupita mita 10. Nilipofukua moja wiki iliyopita, kila baada ya pingili nilikuta kishada cha mizizi midogo, myeupe, imeukamata mchanga hata nikiivuta inakuja na donge lake. Ndiyo maana nakereka nikiona watu wanaung'oa ili ufuko uonekane “msafi”. Wakishaung'oa, upepo unauchukua mchanga, halafu wanashangaa tuta limekwenda wapi.

Hautambai kwa kuzungukia miti kama ndugu zake wengi. Huenda moja kwa moja, mara nyingi ukielekea majini, mpaka mahali ambapo maji ya bamvua huukatisha.

Maua yake yana umbo la faneli, rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na koo lililokolea zaidi. Yanafunguka asubuhi, jua likikaza yanaanza kunywea, na jioni yamekwisha. Chavua ya mmea mmoja haiwezi kuurutubisha mmea huohuo, kwa hiyo nyuki lazima watoke kwa jirani. Hapo pana mtego: eneo kubwa lililojaa maua huenda likawa mmea mmoja tu uliojisambaza, na mbegu zikawa chache kuliko ulivyotarajia.

Kitu kimoja wengi hawakioni: pale kikonyo kinapoungana na jani kuna vitezi viwili vidogo vinavyotoa maji matamu. Si kwa ajili ya nyuki. Wanaokuja ni sisimizi, na sisimizi hawapendi kuona mdudu mwingine akitafuna jani la mezani kwao. Kaa kimya dakika kumi karibu na chipukizi, utawaona wanapokezana.

Kila tunda huwa na mbegu nne hivi, za kahawia, zimefunikwa na manyoya mafupi kama mahameli. Zinaelea, na kwa ugumu wa ganda lake maji ya chumvi hayaziui hata zikikaa miezi baharini. Hivyo ndivyo mmea huu ulivyozunguka dunia bila kupandwa na mtu.

Ugumu huohuo wa ganda ulinifedhehesha nilipokuwa mwanafunzi. Nilipanda mbegu 20 kwenye trei, nikamwagilia kila siku kwa wiki tano. Hakuna iliyochipua. Nilipozifukua zilikuwa kavu ndani kama siku nilipozipanda, kwa sababu ganda halikuwa limepitisha tone la maji. Baharini na ufukweni, mchanga ndio unaozikwaruza polepole. Mimi nilichukua msasa, nikasugua upande mmoja hadi weupe wa ndani ukaonekana, nikaziloweka usiku kucha. Asubuhi zilikuwa zimevimba karibu mara mbili. Siku chache baadaye majani mawili ya mwanzo yalitokeza, kila moja limepasuka katikati kama mkia wa mbayuwayu, na mojawapo bado limevaa ganda lake kichwani.