Je, wajua kwa nini wizi wa benki umewekewa kibao cha vita?

St. Albans ni mji mdogo katika jimbo la Vermont, kaskazini kabisa mwa Marekani, kilomita 24 hivi kutoka mpaka wa Kanada. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipiganwa mbali na hapo, huko Virginia, Tennessee na Georgia. Lakini kando ya barabara kuu ya mji, kwenye bustani ya Taylor Park, kipo kibao cha kijani chenye maandishi ya dhahabu, kama vile ambavyo Vermont imekuwa ikivisimika penye historia tangu 1947. Kinakumbusha shambulio la majimbo ya Kusini, yaliyojitenga na Marekani na kupigana na yale ya Kaskazini. Sasa ukiuliza hapo palipiganwa vita gani, utaambiwa ziliibiwa benki tatu.

Ilikuwa Oktoba 19, 1864. Siku kadhaa kabla, vijana wapatao 20 walikuwa wameingia mjini kidogo kidogo, wawili leo, watatu kesho, wakapanga hotelini kama wageni waliokuja mapumzikoni. Kiongozi wao alikuwa Luteni Bennett Young, kijana wa Kentucky mwenye umri wa miaka 21, aliyewahi kutekwa na jeshi la Kaskazini akatoroka gerezani na kukimbilia Kanada. Saa tisa alasiri wakagawana, kila kundi na benki yake, bastola mkononi. Wenyeji waliokuwa barabarani walikusanywa kwenye uwanja wa nyasi, ndio hiyo bustani ya leo, wakalindwa kwa mtutu. Ndani ya benki moja makarani waliamriwa wainue mikono na kula kiapo cha utii kwa serikali ya Kusini. Mwizi wa kawaida ana shida gani na kiapo? Young alitaka ieleweke kwamba yeye ni askari aliyetumwa.

Nusu saa hivi ikatosha. Walibeba dola zipatazo 208,000, wakapora na farasi wa kukimbilia. Mtu mmoja, mkandarasi Elinus Morrison, alipigwa risasi akafa baadaye. Kuuchoma mji kuliwashinda: chupa za dawa ya moto walizorusha ziliunguza banda la kuni tu.

Siku hiyohiyo, kule Cedar Creek, Virginia, askari wa Vermont walikuwa katikati ya mapigano makali. Jimbo hilo dogo lilipeleka zaidi ya wanaume 34,000 vitani, na hilo ndilo lililowapa washambuliaji ujasiri: miji ya mpakani ilibaki bila ulinzi wa maana. Kusini ilihitaji fedha, ilitaka kulipiza kisasi kwa mashamba yake yaliyochomwa, na ilitumaini kwamba Kaskazini ingelazimika kurudisha vikosi kulinda mpaka.

Kapteni George Conger, mwanajeshi wa zamani, aliwafukuza washambuliaji akiwa na kundi la wenyeji hadi ng'ambo ya mpaka, akamtia mkononi Young mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kanada ilikuwa koloni la Uingereza, na Uingereza haikuwa na upande katika vita hivyo, kwa hiyo Conger alilazimika kuwakabidhi mateka wake kwa maofisa wa huko.

Kesi ikaenda Montreal. Kwa mkataba wa 1842, mwizi au muuaji aliyekimbilia Kanada hurudishwa Marekani. Askari aliyetekeleza amri ya kivita harudishwi. Basi mahakama ilitakiwa kujibu swali lilelile la kibao: huu ni wizi au ni vita? Desemba 1864 Jaji Coursol aliwaachia kwa hoja kwamba hana mamlaka juu ya kesi hiyo, na noti zilizokamatwa wakarudishiwa! Marekani ilifura. Wachache walikamatwa tena, Young akiwamo, na Machi 1865 Jaji Smith akaamua kwamba kilikuwa kitendo cha kivita. Kwa maoni yangu kiapo cha wale makarani hakikuwa mchezo hata kidogo, maana ushahidi wa namna hiyo ndio uliowatenga na wezi.

Mshindo wa shambulio hilo ulikwenda mbali kuliko fedha zenyewe. Kwa muda Marekani ilidai pasipoti kwa wanaotoka Kanada, na mkataba wa biashara baina yao ukaachwa ufe mwaka 1866. Kanada ililipa fidia kwa benki. Na wakati Young anavamia, viongozi wa makoloni ya Uingereza ya huko walikuwa mjini Quebec wakijadili kuungana kuwa nchi moja. Hofu ya jirani mwenye hasira na jeshi kubwa iliwapa sababu moja zaidi, na muungano wa Kanada ukapatikana 1867.

Young alinyimwa msamaha kwa miaka kadhaa, akasomea sheria Ulaya, kisha akarudi Kentucky akawa wakili mwenye jina. Mwaka 1911 alipotembelea Montreal, ujumbe wa wakazi wa St. Albans ulivuka mpaka kwenda kumsalimia.